Shamba Monduli, mwenye shamba Tabata: kisa cha shayiri iliyougua mara mbili

Shayiri haistawi Dar es Salaam. Joto la pwani haliifai, na sijamsikia mtu aliyejaribu kuipanda Chanika wala Bunju. Hata hivyo maamuzi kadhaa yanayoihusu hufanyikia hapa mjini. Viwanda vya bia vipo Ilala na Chang'ombe, wenye mitaji wapo Tabata na Mbezi, dawa hununuliwa Kariakoo, na simu inayoamua kama vijana wapulize leo au wangoje huweza kupigwa na mtu aliyesimama kwenye foleni ya Mwendokasi, jasho linamtoka, wakati huko shambani watu wamevaa makoti.

Kisa hiki ni cha mama mmoja mfanyakazi wa ofisi, mkazi wa Tabata, aliyekodi eka 30 kwenye nyanda za Monduli, mkoani Arusha, ili alime shayiri ya kimea, yaani ile inayooteshwa na kukaushwa kwa ajili ya bia. Nitamwita mama. Aliyeko huko kila siku ni kijana wa hapo hapo. Yeye nitamwita msimamizi. Mimi, mtaalamu aliyeombwa ushauri, niliingia katikati ya msimu wa pili, baada ya dawa ya kwanza kupulizwa na madoa kuendelea kupanda kana kwamba hakuna lililofanyika. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya uchambuzi huu nimeijenga kutokana na ujumbe na picha zilizokuwa kwenye simu ya mama, siyo kwa kushuhudia.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Alinunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, mvua ikanyesha kwa wakati, na mzigo ukapokelewa. Msimu wa pili akaamua kupunguza gharama kwa njia ambayo wakulima wengi huitumia: akaacha sehemu ya mavuno ya mwaka uliopita iwe mbegu. Shamba lilikuwa lile lile. Mabua ya msimu wa kwanza yalibaki juu ya ardhi, kwa sababu alikuwa na mpango wa kuyafunga marobota ayauze, akawaambia wafugaji wasiingize ng'ombe. Marobota hayakufungwa. Trekta lilipokuja lilipita juu juu tu, na shayiri ya pili ikapandwa mwezi wa nne katikati ya mabaki ya ya kwanza.

Eka sita za upande wa chini zilikuwa na historia tofauti. Msimu wa kwanza mwenye ardhi alizibakiza akapanda maharage yake, na mama alizipata mwaka wa pili tu. Hakuna aliyezitilia maanani. Nazitaja mapema kwa kuwa ndizo zilizofungua fumbo lote.

Katikati ya Mei msimamizi alituma picha nane. Aliandika: "Shikamoo mama. Majani yameanza kuwa na madoa ya kahawia na njano. Naomba utuangalizie." Mama akazituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wenzake wa mjini, na ndani ya saa moja akawa na majibu matatu. Mmoja alisema ni njaa ya naitrojeni, aongeze urea. Wa pili alisema ni kutu, "hiyo hiyo ya ngano." Wa tatu hakutaja ugonjwa, alitaja dawa.

Nimeziangalia zile picha nane. Zote zilipigwa mchana, mtu akiwa amesimama, simu ikiangalia chini. Kinachoonekana ni sehemu ya juu ya mimea: majani machanga, jua kali, na hapa na pale ncha ya njano. Hakuna picha hata moja ya jani la chini. Si kosa la kijana. Hakuna aliyemwambia apige nini. Lakini kwenye shayiri ugonjwa wa majani huanzia chini, na mtu anayeangalia juu anaona habari za wiki mbili zijazo zikiwa bado hazijafika.

Majibu yale matatu yangeweza kupimwa shambani bila gharama yoyote. Shayiri yenye upungufu wa naitrojeni hugeuka njano kuanzia majani ya zamani, kwenye ncha kwenda katikati, bila madoa yenye mipaka, na kwa kawaida hali hiyo husambaa kwa kufuata udongo au njia ya mbolea. Kutu ya majani ya shayiri huleta vipele vidogo vya rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, na ukipitisha kidole au karatasi nyeupe ya tishu juu yake, unga hubaki. Ubwiri unga ni mweupe na hufutika. Virusi vya unjano vinavyoenezwa na vidukari hudumaza mimea kwa mafungu mafungu na kuyafanya majani yawe njano iliyokolea, bila madoa. Ugonjwa wanaouita wenzetu wa nchi za baridi ugonjwa wa kuungua huanza na doa la kijivu, kama limelowa maji, ambalo baadaye hukauka katikati na kubaki na ukingo wa kahawia iliyokoza. Madoa ya wavu, yaletwayo na kuvu wa Pyrenophora teres, yana mistari myembamba ya kahawia inayokwenda kwa urefu na kukatana na mingine ya upana, ndani ya eneo la njano. Ukiliinua jani kulielekea jua mistari hiyo huonekana wazi zaidi. Kuvu huyu ana sura ya pili, isiyo na wavu, ambayo hutoa vidoa vya mviringo wa yai, na hiyo ndiyo huwachanganya watu.

Karatasi ya tishu peke yake ingeifuta kutu kwenye orodha siku ile ile. Badala yake mama alisubiri mshahara.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa mjini hawapendi kulizungumza. Gharama za shamba la mbali hulipwa kwa kalenda ya ofisi. Picha zilifika katikati ya mwezi. Fedha zilipatikana mwishoni mwa mwezi. Dawa ikanunuliwa Kariakoo, ikafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi la Arusha kule Mbezi Luis, ikapulizwa siku za mwanzo za Juni. Wakati picha zinapigwa, shayiri ilikuwa inamaliza kutoa machipukizi na shina linakaribia kuanza kurefuka. Ilipopulizwa, shina lilikuwa limeshapanda na jani la pili kutoka juu limeshafunguka.

Kwa ngano ucheleweshaji huo ungeuma kidogo. Kwa shayiri unauma sana. Kwenye ngano jani la mwisho, lile linalotangulia suke, ni pana na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kujaza punje, hivyo ukililinda hilo umeokoa mengi. Jani la mwisho la shayiri ni dogo. Kazi inafanywa na majani mawili yaliyo chini yake, na ala zake (sehemu ya jani inayokumbatia shina), na zile ndevu ndefu za suke. Tena, idadi ya masuke na punje za shayiri huamuliwa mapema, kutokana na machipukizi mangapi yatabaki hai. Ugonjwa ukiyaua machipukizi wakati shina linaanza kurefuka, hakuna dawa ya Juni itakayoyarudisha. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa nafaka kutaja umri wa mmea, kile cha Zadoks cha mwaka 1974, kinaiweka hatua ya shina kuanza kurefuka kwenye namba 30. Kwa shayiri iliyopandwa juu ya mabua ya shayiri, namba 30 hadi 32 ndiyo siku ya kufanya uamuzi. Si lazima upulize siku hiyo, lakini siku hiyo lazima uwe unajua.

Sasa dawa yenyewe. Muuzaji aliambiwa "ukungu kwenye majani", akatoa mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili, dawa ambayo kila mkulima wa nyanya anaifahamu. Metalaksili hupiga vimelea vya jamii ya bakajani chelewa, ule ugonjwa wa nyanya na viazi, ambavyo si kuvu halisi kibiolojia, na kwa madoa ya wavu haina msaada. Mankozebu ina nguvu kiasi dhidi ya kuvu wengi, lakini hubaki juu ya jani tu: hulinda pale ilipogusa, haiingii ndani kumfuata kuvu aliyekwisha kuingia, na mvua huiosha. Mama alilipia vitu viwili, kimoja hakikuhusika na kingine kilichelewa.

Hesabu ya mabomba nayo haikukaa sawa. Kibandiko kilitaka maji ya kiasi cha lita 200 kwa hekta, yaani kama lita 80 kwa eka, mabomba manne ya lita 20. Eka 30 ni mabomba 120. Kijana mmoja mwenye nguvu akipuliza mabomba 15 kwa siku, vijana wawili wanahitaji siku nne kamili, na Monduli mwezi wa sita umande hukaa hadi jua liwe juu, kisha upepo huanza mchana. Vijana walimaliza kwa siku mbili. Kilichofanyika kila mtu anakijua: mabomba mawili kwa eka, mwendo wa haraka, na majani ya chini hayakuona hata tone. Siwalaumu. Walilipwa kwa eka.

Mama aliponipigia, swali lake lilikuwa moja: anunue dawa gani kali zaidi. Nilimwomba kwanza anipe namba ya msimamizi.

Nilimwomba kijana afanye mambo machache. Atembee shambani kwa njia ya zigizaga badala ya kukaa pembeni, ang'oe mimea mizima sehemu mbalimbali, aiweke chini kwa mpangilio na apige picha ya jani la tatu kutoka juu, mbele na nyuma, kila mahali akisema kwa sauti amesimama wapi. Kisha akate majani yenye madoa, ayafunge kwenye gazeti kavu, ayatie ndani ya bahasha ya kaki na kuyapa basi. Nilisisitiza gazeti. Majani yakifungwa kwenye nailoni na kukaa saa kumi na zaidi ndani ya buti la basi linaloteremka kuja pwani, kinachofika ni uji wenye ukungu wa kila aina, na hakuna atakayejua upi ulitoka shambani.

Bahasha ilifika. Nililaza vipande vya majani juu ya tishu yenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, nikaviweka chumba chenye ubaridi usiku kucha, na kesho yake kwenye hadubini mbegu za kuvu, yaani chembe ndogo anazozaliana nazo, zilikuwepo: ndefu, zilizonyooka, zimegawanyika kwa kuta. Pamoja na wavu ulioonekana kwa macho, nilitosheka kuwa ni Pyrenophora teres. Lakini nitasema wazi kwamba hadubini haikuwa sehemu muhimu ya kazi hii. Sehemu muhimu ilikuwa sauti ya kijana kwenye video.

Alikuwa anatembea akisema: "Hapa ni juu, hapa pamekauka sana. Hapa katikati, pamekauka. Hapa nashuka." Halafu akanyamaza, akasema: "Mtaalamu, hapa hakuna kitu."

Alikuwa ameingia kwenye zile eka sita za maharage.

Mbegu ilikuwa moja, ile ile ya akiba. Siku ya kupanda ilikuwa moja, mvua moja, mbolea moja, na hata ile dawa ya Kariakoo ilipita kote. Kilichotofautiana ni kitu kilichokuwa juu ya ardhi kabla ya kupanda. Mpaka kati ya sehemu mbili ulikuwa umenyooka kama uzi, isipokuwa mita chache za mwanzo upande wa maharage, ambapo madoa yalikuwepo na kupungua kadiri ulivyoingia ndani. Hiyo ndiyo alama ya ugonjwa unaotoka jirani: kuvu huzaliana kwenye mabua ya zamani, mbegu zake za kwanza huruka umbali mfupi, kisha madoa mapya hutoa mbegu nyingine zinazobebwa na upepo na matone ya mvua. Usiku wa ubaridi wa nyuzi 15 hadi 25, majani yakilala na unyevu, mzunguko mmoja hukamilika haraka na mwingine huanza.

Kwa hiyo, ingawa madoa ya wavu yanaweza pia kusafiri na mbegu ya shayiri, hapa mbegu haikuwa chanzo kikuu. Kama ingekuwa ndiyo, eka sita zisingesalimika. Mabua ndiyo yaliyoubeba ugonjwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na kitendo kilichouruhusu kilifanyika miezi kadhaa kabla ya picha ya kwanza, siku ambayo shamba lilionekana safi na halina shida yoyote. Ng'ombe waliozuiliwa wangekula sehemu ya mabua hayo bure; wasingeyamaliza, lakini wangeyapunguza.

Mama hakuipenda habari hii. Aliniambia, "Basi nipe dawa ya mabua." Hakuna. Kilichobaki kuamua ni kama kupuliza mara ya pili kuna faida.

Wakala wa mnunuzi wa shayiri alishauri kupuliza eka zote 30. Mimi nilipendekeza 24, na ndani ya hizo uachwe ukanda mmoja, upana wa trekta la kupulizia, bila dawa. Wakala aliona ni kupoteza. Kwa maoni yangu, anayepuliza kila mahali hawezi kujua alinunua nini. Mwisho wa msimu hukumbuka tu kwamba alipuliza na akavuna, na mwaka unaofuata hupuliza tena kwa imani. Kuhusu eka sita, jani la tatu lilikuwa safi karibu kote, hivyo dawa ingekuwa sadaka.

Dawa ya mara ya pili ilikuwa mchanganyiko wa tebukonazoli na azoksistrobini. Ya kwanza huingia ndani ya jani na inaweza kumkamata kuvu aliyeingia siku chache zilizopita. Ya pili ni mlinzi mzuri zaidi kwa jani ambalo bado safi. Sababu ya kuchanganya ni pana kuliko shamba hili. Kuvu huyu amekwisha kujijengea usugu dhidi ya dawa za makundi yote mawili katika baadhi ya nchi zinazolima shayiri kwa wingi, na kutumia kundi moja peke yake mwaka hadi mwaka ni kumfundisha. Nilimwambia msimamizi ainunue Arusha, kwenye duka lenye kibali, akague namba ya usajili kwenye kibandiko na kuwauliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao yako huko huko, akiwa na shaka. Kupitisha dawa Dar es Salaam kulikuwa kunakula siku bila kuongeza chochote. Trekta lilikodiwa, likamaliza eka 24 asubuhi moja baada ya umande kukauka, maji yakiwa kamili. Jani la mwisho lilikuwa limefunguka lote, ndevu hazijatoka. Tulihesabu pia siku zinazotakiwa kupita kati ya dawa na mavuno, maana mnunuzi wa kimea hupima mabaki ya dawa.

Siku chache baadaye masuke yalianza kutoka, na msimamizi akatuma picha ambayo haikuhusiana na chochote tulichokuwa tunazungumza. Suke jeusi. Mahali pa punje palikuwa na unga kama masizi ya chungu, na upepo ulikuwa unaupeperusha.

Mama alidhani ni dawa imeunguza. Niliuliza swali lile lile: yako wapi? Jibu lilikuwa kinyume cha la kwanza. Masuke meusi yalikuwa yametawanyika moja moja shamba zima, huku na kule, na kwenye eka sita za maharage yalikuwepo sawasawa na kwingine. Ugonjwa usiojali historia ya ardhi umetoka kwenye gunia la mbegu.

Huyu ni kuvu mwingine kabisa, Ustilago nuda, na tabia yake inastahili kueleweka na kila anayeweka mbegu ya akiba. Masizi ya suke moja huruka wakati masuke mengine yanachanua, yanaingia kwenye ua, na kuvu hujificha ndani ya kiini cha punje inayokua. Punje hiyo ukiiangalia ni nzima. Uzito wake ni wa kawaida, inaota kama kawaida, mmea unakua kama kawaida, na siku ya kutoa suke ndipo unapokuta hakuna punje hata moja. Maana yake ni kwamba katika ule msimu wa kwanza, uliokwenda vizuri, kulikuwa na masuke machache meusi ambayo hayakusumbua mtu, na mbegu ya akiba iliambukizwa wakati mama akiwa na furaha ya mavuno.

Kwa kuwa kuvu yuko ndani ya kiini, dawa ya unga inayokaa nje ya mbegu haimfikii. Inatakiwa dawa ya kuvisha mbegu inayoingia ndani na kusafiri na chipukizi, kama zile za jamii ya tebukonazoli au kaboksini. Zamani, kabla ya dawa hizo, mbegu zililowekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 52 hivi kwa dakika chache. Inawezekana, lakini nyuzi chache zikizidi unaua kiini pamoja na kuvu, na simshauri mtu mwenye magunia mengi na sufuria ya kupikia pilau ajaribu. Kupulizia shamba masuke yakishakuwa meusi hakusaidii chochote msimu huo. Nilimzuia mama asinunue dawa ya tatu. Msimamizi na wenzake walipita asubuhi kabla upepo haujaanza, wakakata masuke meusi taratibu na kuyatia kwenye mifuko, lakini hilo nalo lilikuwa la kupunguza aibu tu, kwani unga mwingi ulikuwa umeshaondoka. Uamuzi wenye uzito ulikuwa mmoja: hakuna hata punje moja ya shamba hili itakayopandwa mwakani.

Mavuno yalikuja mwezi wa nane. Nilikuwa nimemwomba msimamizi asichanganye magunia, na alilisimamia hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, akiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila gunia. Eka sita za maharage zilitoa gunia 14 kwa eka. Eka zilizopulizwa mara ya pili zilitoa 10. Ukanda ulioachwa ulitoa kama 8.

Namba hizi zisomwe kwa uangalifu. Tofauti ya gunia nne kati ya upande wa maharage na upande wa mabua haiwezi kuhesabiwa yote kuwa ni ugonjwa, kwa sababu maharage huacha pia naitrojeni kidogo na udongo uliopumzika kutoka kwenye nafaka. Na ukanda mmoja usiopulizwa ni ukanda mmoja tu. Ungekuwa mitatu, ningejiamini zaidi. Lakini gunia mbili kwa eka zilizookolewa na dawa ya pili zilitosha kulipia dawa na trekta na kubakiza kitu. Ililipa, si kwa kishindo. Ingepulizwa wiki tatu mapema, kwa dawa hiyo hiyo, naamini ingelipa zaidi, kwa sababu kilichopotea kwenye zile eka 24 kilikuwa ni masuke, na masuke yalipotea Mei.

Kwenye kipimo cha ubora ndipo hasara ilipojitokeza kwa sura nyingine. Mnunuzi wa kimea hanunui uzito pekee. Anapima unyevu, ambao haupaswi kuzidi kama asilimia 13, anapima uotaji, maana punje isiyoota haiwezi kuwa kimea, anapima protini, na anapitisha punje kwenye chekeche la milimita 2.5 kuona nene ni kiasi gani. Majani yakifa mapema punje hazipati wanga wa kutosha. Zinasinyaa, zinapita kwenye chekeche, na kwa kuwa wanga umepungua wakati protini ilishaingia, asilimia ya protini inapanda. Protini nyingi kwa mtengeneza bia ni tatizo. Magunia ya eka sita yalipokelewa yote. Ya eka 24 yalikatwa bei, na sehemu ikakataliwa. Kama magunia yangechanganywa, nina hakika mzigo mzima ungekatwa, na mama angeondoka akiamini kwamba shamba lote lilikuwa baya.

Iliyokataliwa ilikwenda kwa wafuga nguruwe wa huko huko. Mama aliwaza kuileta Dar es Salaam kwa wafuga kuku, lakini nauli ingeila, na shayiri kwa kuku ina matatizo yake: ina aina ya nyuzi zinazofanya kinyesi kinate, hivyo haiwekwi nyingi kwenye chakula chao.

Kuhusu msimu ujao, kilichokubaliwa kwenye karatasi ni kifupi. Shayiri itakwenda kwenye eneo lisilokuwa na mabua yake, mbegu itanunuliwa yenye lebo na kuvishwa dawa, msimamizi atang'oa mimea na kuangalia jani la tatu kila wiki kuanzia machipukizi, na fedha ya dawa itakaa kwake tangu mwezi wa nne ili asisubiri mshahara wa mtu. Hilo la mwisho lilichukua mazungumzo marefu zaidi kuliko yote, na halikuwa la kitaalamu.

Zao la kubadilishana lilileta mjadala. Mama alitaka mahindi, kwa sababu soko lake analijua. Nilisita. Mahindi hayabebi madoa ya wavu, lakini mabua yake hutunza kuvu wa Fusarium, ambao wakishambulia suke la shayiri huleta sumu kwenye punje, na hata kimea kinachotokana nazo hufanya bia ifoke chupa inapofunguliwa. Mnunuzi hulijua hilo. Ngano ingevunja mzunguko wa madoa ya wavu, maana kuvu huyu ni wa shayiri hasa, ila ina magonjwa mengine inayoshirikiana na shayiri. Maharage na alizeti ni salama zaidi, na maharage Monduli hayakosi mnunuzi. Kulima kwa kina ili kufukia mabua nako kungesaidia, lakini shamba liko kwenye mteremko na mvua za masika huko hazina huruma kwa udongo uliogeuzwa. Sikulishauri. Ng'ombe waingizwe baada ya mavuno, kwa makubaliano na wafugaji, kisha mabua yatakayobaki yaachwe yaoze chini ya maharage.

Yote hayo yanagonga ukuta mmoja. Mkataba wa kukodi ni wa mwaka mmoja mmoja. Mwenye ardhi ana haki ya kumpa mwingine mwakani, na anayelipia ardhi kwa mwaka mmoja hana sababu ya kupanda maharage ili shayiri ya mtu mwingine iwe nzima. Mama amempelekea pendekezo la miaka mitatu, kwa bei itakayopanda kidogo kila mwaka. Msimamizi alikwenda mwenyewe kulizungumza, pamoja na mzee wa boma aliyekubali kuwa shahidi. Mwenye ardhi amesema atafikiri, na kwamba zile eka sita za chini, sasa baada ya kuona zilichotoa, angependa kuzirudisha mikononi mwake.